Sura ya 2: Alama Haisemi Peke Yake

Tiketi ya basi imeandikwa "12:00". Kila anayejua kusoma ataona tarakimu zilezile. Hata hivyo, abiria aliyezoea saa za Kiswahili anaweza kufika stendi alfajiri, ilhali karani aliyefuata saa ya kompyuta alimaanisha saa 6 mchana. Alama hazikubadilika, kilichotofautiana ni kanuni ya kuzisoma.

Tutenganishe basi mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Data ni alama zilizorekodiwa, ziwe tarakimu, herufi au sauti. Umbo ni mpangilio wa alama hizo, pamoja na kanuni ambayo mwandishi na msomaji wanapaswa kuafikiana. Taarifa ni kile kinachompunguzia mpokeaji shaka pale anaposoma alama hizo kwa kanuni hiyo.

Kwamba shaka hupimika, alituonyesha Claude Shannon, mwanahisabati wa Marekani aliyefanya kazi katika maabara za Bell, kwa makala yake ya mwaka 1948. Swali likiwa na majibu 2 yenye uwezekano sawa, kulijua jibu ni kupata biti 1. Majibu yakiwa 8, tunapata biti 3, kwa kuwa maswali 3 ya ndiyo au hapana yanatosha kulifikia lililo sahihi. Jambo unalolijua tayari kwa hakika halikupi hata biti moja, lijapoandikwa kurasa mia. Kipimo hiki hakigusi maana wala ukweli wa ujumbe. Shannon aliyaweka hayo kando makusudi, ili ashughulikie usafirishaji wake.

Chukua sentensi hii: "Watoto wawili wadogo wamefika." Kiambishi wa- kimetokea mara 4. Baada ya kile cha kwanza, vingine 3 vinatabirika, kwa hiyo haviongezi taarifa kubwa. Je, ni upotevu? La. Simu ikikwaruza, silabi ya kwanza ikamezwa, bado utajua kwamba aliyefika si mtoto mmoja. Marudio hayo ni kinga: umbo la lugha linailinda taarifa isipotee njiani.

Lakini umbo lina gharama pia. Ujumbe mfupi mmoja wa simu hubeba biti 1,120. Kwa herufi za Kilatini, kila herufi kwa kawaida huchukua biti 7, nawe unapata nafasi 160. Andika maneno yaleyale kwa herufi za Kiarabu, ambazo washairi wa Lamu na Mombasa walizitumia kwa karne nyingi, na kila herufi itachukua biti 16. Nafasi zinabaki 70. Aliyechagua umbo alichagua pia nani abanwe.

Kwa sababu hiyo, kupanga umbo si kazi ndogo ya kuachiwa yeyote. Daftari la zahanati likiwa na safu ya "homa" bila safu ya majibu ya kipimo cha malaria, muuguzi anaweza kulijaza kwa uaminifu mwaka mzima, na bado daftari hilo halitamwambia mganga wa wilaya ni homa ngapi zilikuwa malaria. Swali lililosahaulika siku ya kuchora safu halijibiwi na wingi wa data. Anayetaka taarifa na aanze na shaka anayotaka kuiondoa, kisha achore safu zake.