Friji ya Gesi Wakati wa Joto: Usikimbilie Kuongeza Moto

Joto la Oktoba na Novemba watu wa Dodoma, Singida na Tabora wanalijua. Pwani joto kali huja baadaye kidogo, kuanzia Desemba mpaka Machi. Miezi hiyo ikifika, wenye maduka na magenge wanaotumia friji za gesi huanza kulalamika. Soda ni vuguvugu. Samaki waliowekwa jioni wanaanza kunuka asubuhi. Sasa mwenye friji hufanya nini? Anaongeza moto. Gesi inakwisha kabla ya siku zake, na soda bado ni vuguvugu.

Umeme umeingia vijiji vingi, hilo ni kweli. Lakini viko vitongoji na kambi za wavuvi ambako nguzo hazijafika. Huko friji ya gesi, au ile ya zamani ya mafuta ya taa, bado ni mali kubwa. Tena haitunzi soda peke yake. Nimeona duka moja la kitongojini ambamo, nyuma ya chupa za soda, mlikuwa na kopo la plastiki lenye insulini. Ilikuwa ya mzee jirani anayeugua kisukari. Friji ile ikishindwa, mwenye duka anapoteza fedha, lakini mzee yule anapoteza dawa.

Baridi inatoka wapi?

Watu wengi hudhani friji inatengeneza baridi. Siyo hivyo. Friji inabeba joto. Inalitoa ndani, inalipeleka nyuma, halafu inalimwaga hewani. Sogeza mkono karibu na mgongo wa friji inayofanya kazi, bila kugusa mabomba. Utasikia joto. Hilo ni joto lililokuwa kwenye soda zako, pamoja na joto la moto wenyewe.

Lakini inawezekanaje moto ulete baridi? Tuanze na kitu tunachokijua, mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole kwenye udongo, yakatoka nje na kugeuka mvuke. Maji yakigeuka mvuke huchukua joto. Ndiyo maana maji yanayobaki mtungini ni baridi hata mchana wa jua kali.

Friji ya gesi hufanya jambo la namna hiyo, ila haitumii maji peke yake. Ndani ya mabomba yake ya chuma mna maji yaliyochanganywa na amonia. Amonia ni ile harufu inayowasha pua ukiingia banda la kuku ambalo halijasafishwa siku nyingi. Amonia hugeuka mvuke upesi mno. Katika hewa ya kawaida inachemka kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri, yaani hata kwenye barafu bado inachemka.

Moto mdogo ulio chini, nyuma ya friji, unachemsha mchanganyiko huo. Mvuke wa amonia unapanda mpaka juu, penye vipande vya bati vilivyopangwa kama meno ya kitana. Pale unapoa kwa hewa inayopita, unarudi kuwa majimaji. Majimaji hayo yanateremka kwenye mabomba ya ndani ya friji, yanakutana na gesi nyingine iitwayo haidrojeni, na hapo yanageuka mvuke tena. Katika kugeuka huko yanachukua joto la vyakula vyako. Kisha mvuke unateremka nyuma, unanyonywa na maji, na safari inaanza upya. Hakuna mota wala pampu. Ndiyo maana friji hii haina kelele.

Waliobuni mtambo huu walikuwa wanafunzi wawili wa chuo cha ufundi cha Stockholm, nchini Uswidi, Baltzar von Platen na Carl Munters. Ilikuwa mwaka 1922. Mpaka leo unafanya kazi kwa njia ile ile.

Sasa rudi pale juu, kwenye yale meno ya kitana. Kama hewa iliyopo pale ni ya moto na haitembei, mvuke haupoi vizuri, basi majimaji ya kuteremka ndani yanakuwa machache. Ukiongeza moto unafanya nini? Unaongeza joto mahali ambapo joto limeshakosa njia. Na moto ukizidi sana, hata maji yanachemka na kupanda pamoja na amonia, nayo yanaharibu kazi. Kuongeza kidogo, kama kitabu cha friji kinavyoelekeza, siyo vibaya. Lakini moto mkubwa si dawa ya friji iliyokosa hewa.

Wenzetu wa nyumba za magurudumu

Marekani na Ulaya wapo watu ambao wakienda likizo huvuta kijumba chenye magurudumu nyuma ya gari. Wanalala humo na kupika humo. Friji za vijumba vingi vya namna hiyo ni za mtambo huu huu wa amonia, na zimebanwa kabatini. Kiangazi kikiwa kikali nao husumbuka kama sisi. Ukuta ulio nyuma ya friji huwa na matundu mawili ya hewa, moja chini na jingine juu. Hewa ya kawaida inaingia chini, inapita kwenye mabomba, inatoka juu ikiwa ya moto. Ikiwa haitoshi, wengine hufunga nyuma ya friji feni ndogo ya betri ya volti 12 ili isukume joto nje. Tena wakiegesha, hupenda ule upande wenye friji ukae kivulini.

Sisi tukitazama maduka yetu tunaona nini? Friji imesukumwa mpaka ikagusa ukuta, shauri ya nafasi kuwa ndogo. Juu yake pamepangwa maboksi ya sabuni. Ubavuni kuna gunia la sukari. Mara nyingi ukuta wenyewe ni ule wa magharibi, unaopigwa na jua la alasiri, na juu kuna bati tupu lisilo na dari. Friji kama hiyo itapataje pumzi?

Isogeze. Acha nafasi ya shubiri moja nyuma yake, na juu uache wazi zaidi ya hapo. Kitabu chake kikisema zaidi, kifuate. Ondoa maboksi, ondoa na kile kitambaa cha kupambia. Ihamishie kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana. Kama imejengewa kibanda cha matofali dukani, toboa tundu chini na tundu juu, uweke wavu wa kuzuia panya. Angalia tu upepo usipige moto moja kwa moja, maana utauzima. Mwenye taa za sola anaweza kufunga feni ndogo pale juu. Na chumba chenyewe kiwe na dirisha lililo wazi. Moto ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hewa hiyo huua watu usingizini.

Sakafu, moto na mlango

Kwa kuwa hakuna pampu, majimaji ndani ya mabomba hushuka kwa kufuata mteremko tu. Friji ikiinama, yanatuama mahali yasipotakiwa, na kazi inasimama. Sakafu zetu nyingi za udongo haziko sawa. Azima pima maji ya fundi mwashi. Kama hakuna, weka sahani yenye maji ndani ya friji uone yanakimbilia upande gani, kisha weka kibao chini ya mguu ulio mfupi.

Moto mzuri ni wa buluu. Moto wa njano unaleta masizi, masizi yanaziba bomba la moshi, na joto halifiki linapotakiwa. Zima, acha ipoe, kisha safisha bomba hilo kwa brashi. Ndani yake kuna kipande cha bati kilichosokotwa, usisahau kukirudisha. Kwa friji ya mafuta ya taa, kata utambi sawasawa na uchuje mafuta. Kwa friji ya gesi, kitundu cha kutolea gesi huzibwa na vumbi au utando wa buibui, lakini usikichokonoe kwa waya. Kitapanuka, na moto hautakuwa sawa tena. Mwachie fundi.

Kuhusu mlango sina maneno mengi. Friji hizi hupoza polepole, hivyo kila ukifungua unairudisha nyuma. Panga soda mpya jioni ili usiku, wakati hewa imepoa, friji ipate nafasi ya kuzimaliza. Usizishindilie, na usiweke chungu cha moto. Bana karatasi mlangoni. Ikichomoka kwa urahisi, mpira wa mlango umechoka. Barafu ikifikia unene wa nusu sentimeta, zima uiache iyeyuke yenyewe. Kuna watu wanaobandua kwa kisu. Kisu kikitoboa bomba, friji imekufa.

Dawa zinataka uangalifu zaidi

Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi, wala isigande. Ikishaganda hata mara moja, itupwe. Kwa hiyo iwekwe rafu ya katikati, mbali na barafu, pamoja na kipimajoto. Usiku wa baridi rudisha moto chini. Chanjo nazo zina kiasi hicho hicho cha joto, ila mahali pake ni zahanati, siyo dukani. Zahanati nyingi siku hizi zimepewa friji za umeme wa jua. Nazo zinataka nafasi ya hewa, na kipimajoto kisomwe asubuhi na jioni. Muuguzi akikukatalia kuweka soda yako humo, usimwone ana roho mbaya. Kila mlango unapofunguliwa, joto linaingia kwenye chanjo za watoto.

Ukishafanya marekebisho, usipime baada ya saa moja. Ngoja siku nzima. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji katikati ya friji, ukisome alfajiri kabla mlango haujafunguliwa.

Ukisikia harufu ya amonia, au ukiona unga wa njano kwenye mabomba ya nyuma, bomba limetoboka. Funga gesi, fungua madirisha, toa watoto nje, na unga huo usiuguse kwa mikono. Usimruhusu mtu kuchomelea mabomba hayo, maana yana haidrojeni, nayo hulipuka. Friji ya namna hiyo isiwashwe tena mpaka mtambo wake wa nyuma ubadilishwe mzima.