Gari la Redio Katika Mji wa Shaba

Watoto wa Lubumbashi, kama wenzao wa ng'ambo ya mpaka katika miji ya shaba ya Zambia, tangu zamani hujitengenezea motoka za waya: kiunzi cha waya uliokunjwa kwa ustadi, magurudumu ya vifuniko au ya makopo yaliyokatwa, na usukani uliopandishwa kwa waya mrefu hata ukafika kifuani mwa dereva, ambaye hukimbia nyuma ya gari lake akilipitisha katika vichochoro vya mitaa ya Katuba, Kenya na Kamalondo. Msomaji asiyepata kuona gari la kuendeshwa kwa redio hatapata taabu kulifahamu akilichukua kuwa ni motoka ile ile, iliyonyang'anywa waya wake mrefu na kupewa badala yake mawimbi yasiyoonekana. Na aliyeipenda ya kwanza utotoni ndiye, aghalabu, anayeitamani ya pili ukubwani, hata akathubutu kuinunua ikiwa imeharibika.

Magari haya si ya jana. Kampuni moja ya Italia ilitoa Ferrari ndogo ya kuongozwa kwa redio mwaka 1966, na mwaka 1976 Tamiya ya Shizuoka, nchini Japani, ambayo asili yake ilikuwa biashara ya mbao iliyoanzishwa mwaka 1946, ikatoa Porsche 934 iliyowapigisha magoti sakafuni watu wazima wa mabara kadhaa bila haya. Aina iitwayo turingi, ambayo ndiyo maudhui yetu, ilienea tangu mapema katika miaka ya 1990: ni mfano wa gari la abiria lililotayarishwa kwa mashindano ya lami, lililopunguzwa likawa sehemu moja ya kumi ya gari la kweli, upana wake karibu milimita 190, na masafa baina ya ekseli ya mbele na ya nyuma karibu milimita 257. Tumbo lake hupita juu ya lami kwa nafasi ya milimita chache tu, na hapo ndipo ugomvi wake na Lubumbashi unapoanzia. Lakini hilo tuliweke kiporo.

Gari la namna hiyo laweza kuufikia mji kwa njia nyingi, ndani ya kontena la mitumba lililopita Dar es Salaam au Durban kisha Kasumbalesa, au katika sanduku la jamaa aliyerudi kutoka Ubelgiji, na likifika huwa limelala miaka mingi. Fundi mwenye busara haliwashi kwanza, bali hulifungua. Grisi iliyokuwa laini imekuwa ngumu kama ulimbo mkavu. Na difu, yaani ule mkusanyiko wa gia unaoyawezesha magurudumu mawili ya ekseli moja kuzunguka kwa kasi mbalimbali katika kona, imeshikamana isigeuke. Yote hayo huoshwa, hukaushwa na kutiwa grisi mpya. Bushi za plastiki, ambazo watengenezaji huziweka ili kupunguza bei, hutolewa zote na mahali pake pakawekwa beringi za chuma, na kwa maoni yangu hakuna badiliko jingine lenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama hilo, kwani gari huwa jepesi, betri hudumu, na mihimili haili tena matundu yake.

Kisha huja mota, na hapa sina budi kukaa kidogo. Mota ya zamani ya aina ya 540 ni mkebe wa bati wenye kipenyo cha karibu milimita 36. Ndani yake mna sumaku mbili zisizosogea, na baina yao mhimili uliozungushiwa waya wa shaba. Umeme huufikia waya huo kupitia vipande viwili vya kaboni vinavyosuguana na pete ya shaba iliyogawanywa mapande, na kwa sababu ya mgawanyo huo mkondo hugeuka kila mhimili unapozunguka, hata sumaku zikawa hazina nafasi ya kuutuliza. Pete ikifanya weusi, umeme hauingii sawasawa. Kaboni ikiisha, hauingii kabisa. Mota za mashindano hufunguka, pete yake ikasafishwa na kaboni yake ikabadilishwa, lakini zile za bei nafuu zimefungwa kabisa, na kaboni yake ikimalizika ndio mwisho wa umri wake. Cheche za kaboni, kadhalika, huchafua mawimbi ya redio, ndiyo maana vikapasita vidogo hutiwa lehemu kwenye mkebe wa mota. Gari linalotetemesha usukani bila kuamriwa huenda halina maradhi mengine isipokuwa kimojawapo cha vikapasita hivyo kimekatika.

Waya huo mwembamba, mwana wa Lubumbashi yampasa autazame mara mbili. Kabla ya reli na kabla ya Wabelgiji, mafundi wa Katanga waliyeyusha shaba katika tanuri za udongo wa vichuguu, wakaimimina ikawa misalaba iliyotumika kama fedha. Kampuni ya madini ya Union Minière iliundwa mwaka 1906. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, na mwaka 1911 tanuri lake likatoa shaba ya kwanza. Mwaka 1967 mali ya kampuni hiyo ikawa ya taifa, ikazaa Gécamines. Na kuanzia 1971 hadi 1997 mkoa mzima uliitwa Shaba. Sisemi kwamba waya uliomo katika mota hii ulitoka hapa, kwa maana madini yakisha kuyeyushwa hayana cheti cha kuzaliwa. Nasema tu kwamba mji uliosafirisha shaba kwa zaidi ya karne moja, na kuipokea tena ikiwa bidhaa iliyofungwa ndani ya sanduku, umepata nafasi chache sana za kuifungua bidhaa hiyo na kuona shaba ilikwenda kufanya kazi gani.

Betri nayo ina habari ya jinsi hiyo. Magari ya zamani yalitumia seli sita za nikeli na kadimiamu, volti 7.2 kwa jumla, nazo zikikutwa zimevuja zisichezewe wala kutupwa jalalani, kwani kadimiamu ni sumu. Leo wengi hutia betri ya lithiamu yenye seli mbili, volti 7.4, ambayo ikijaa hufika 8.4, na ndani ya nyingi za betri hizo mna kobalti, madini ambayo zaidi ya thuluthi mbili ya yale yanayochimbwa duniani hutoka Kongo, na ambayo hata kile kilima cheusi cha masalia ya tanuri la Lubumbashi, kando ya bomba lake refu la moshi, kimekuwa kikitafutiwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Lakini uraia wa kobalti haumlindi mtu na moto. Seli ya lithiamu ikishuka chini ya volti 3 huharibika, na ikichajiwa katika hali hiyo, au kwa chaja isiyo yake, yaweza kuvimba na kuwaka. Ilhali kidhibiti mwendo cha gari la zamani hakijui kulisimamisha mapema. Kwa hiyo anayebadili betri abadili na kidhibiti. Chaja nyingi za magari haya hukubali volti 12, na hiyo ni neema katika mji ambao umeme wake hukatika, kwani betri ya motoka ya kweli huweza kuilisha ile ya motoka ndogo.

Redio yenyewe haihitaji maneno mengi. Zile za megahezi 27 zilitaka kila dereva awe na kristali yake, na wawili wenye kristali za namna moja waligombania gari moja. Zile za gigahezi 2.4 zimeukomesha ugomvi huo. Badilisha.

Turudi kwenye kiporo chetu. Gari lililozaliwa kwa lami laini, likiletwa katika kiangazi cha Lubumbashi, wakati vumbi jekundu linapofunika kila kitu, halitaishi wiki likibaki lilivyo. Dawa yake imo katika ukoo wake mwenyewe, maana watengenezaji wametumia fremu za turingi kutolea magari ya rali: springi huinuliwa, magurudumu laini hubadilishwa kwa yenye meno, gia hufunikwa, na kila upenyo wa vumbi huzibwa. Na kwa kuwa vipuri asili ni ghali na viko mbali, hapa ndipo hazina ya mji inapoonekana, kwani karakana za reli na za Gécamines zimelea vizazi vya wakereza, na mhimili wa chuma wa unene wa penseli, kwa mtu aliyezoea kuweka kwenye kerezo vyuma vya mgodi, si kazi ya kumtoa jasho. Bodi ya plastiki iliyopasuka hushonwa kwa ndani kwa kitambaa cha wavu na gundi ya fundi viatu. Rangi nayo hupakwa kwa ndani, ili mikwaruzo ya nje isiiguse.

Lipo badiliko moja ambalo vijana hulitaka kabla ya yote, nami ningeliweka mwisho au nisiliweke kabisa: mota mpya isiyo na kaboni, yenye nguvu maradufu. Mota hiyo ni kazi ya akili nyingi, lakini gia za plastiki zilizozeeka hazikuumbwa kwa nguvu hizo, nazo hukatika meno siku ya kwanza. Afadhali kubaki na mota ya kiasi na kuchezea uwiano wa gia. Katika fremu ya Tamiya iitwayo TT-01, ya mwaka 2003, kwa mfano, gia ndogo ya meno 19 huzungusha kubwa ya meno 61. Katika fremu inayoruhusu, punguza meno ya gia ndogo, gari litapungua kasi ya mwisho na kuongeza nguvu ya kuanzia, jambo lifaalo katika mchanga. Kisha liendeshwe dakika chache, na mota iguswe kwa kidole: ikiwa kidole hakistahimili joto lake, meno yapunguzwe tena. Vipuri vyote vilivyotolewa, hata bushi za plastiki, viwekwe katika kopo lenye kifuniko na kuandikwa jina la gari, maana atakayelinunua kesho huenda akataka kulirudisha lilivyokuwa.