Skrini ya LCD ikiwa giza, si lazima iwe imekufa

Mfanyabiashara anayenunua skrini bapa za zamani mjini Mbarara kwa ajili ya maduka ya fotokopi ya Ngarama na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, hujikuta na skrini ambayo taa yake ndogo inawaka lakini kioo ni giza. Akiiuza kwa bei ya chakavu, huenda anatupa fedha.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Katika skrini za zamani mwanga hutoka kwenye mirija myembamba yenye zebaki. Ubao mdogo uitwao inverta hupandisha umeme wa volti 12 hivi hadi mamia ya volti ili kuiwasha.

Kabla ya kulipa, mnunuzi aiwashe skrini na kumulika kioo kwa tochi. Picha ikionekana kwa mbali, kioo ni kizima. Kilichokufa ni mwanga. Picha ikitokea sekunde moja au mbili kisha ikazimika, mrija umechoka au inverta ina hitilafu. Wekundu wakati wa kuwasha pia ni dalili ya mrija kuchoka. Kapasita zilizovimba ndizo matengenezo nafuu zaidi.

Kuagiza mirija mipya kutoka nje si biashara tena. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Uganda ikiwemo, zilikubaliana kuwa mirija ya skrini isitengenezwe, isiingizwe wala kusafirishwa nje baada ya 2025. Mbadala ni utepe wa LED wa volti 12, unaokatwa kwa urefu wa kioo. Hauna zebaki, na hula umeme kidogo, faida kubwa kwa duka linalotegemea sola.

Kazi hii ni ya fundi. Hata waya ukichomolewa, kapasita hubaki na umeme kwa muda. Mrija ukivunjika, madirisha yafunguliwe na vipande visishikwe kwa mikono mitupu.

Kwa msafirishaji, skrini zisimame wima, zitenganishwe kwa maboksi, na zisibebeshwe mzigo juu. Mrija huvunjika kwa mitikisiko ya barabara ya vumbi hata kama kioo kimefika salama.

Hesabu ya mwisho ni hii: bei ya skrini mbovu, utepe, fundi na nauli, vyote kwa pamoja, visizidi bei ya skrini nzima iliyotumika. Vikizidi, bora iachwe Mbarara.