Shafti ikianza kuzunguka, oili inalinda nini?

Msimu wa pamba ukifika, viwanda vya kuchambua pamba vya mkoa wa Simiyu hunguruma, na vijijini injini za dizeli za mashine za kusaga hazinyamazi. Beringi zikilika, kazi husimama. Hapo ndipo mwenye mashine huuziwa kichupa cha dawa ya kuongeza kwenye oili, na mara nyingi hajui amenunua nini.

Ili kujua dawa hiyo hufanya nini, tuanze na oili yenyewe. Mwaka 1883 mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alitoboa tundu juu ya beringi aliyokuwa akiifanyia majaribio. Oili ikafoka. Akaziba kwa kizibo, oili ikakisukuma nje. Ikajulikana kwamba shafti inayokwenda kasi huivuta oili na kuipa shinikizo la kutosha kubeba mzigo, chuma kisiguse chuma. Katika hali hiyo msuguano hutegemea zaidi mnato wa oili, na viongezeo vya kulinda chuma vina kazi ndogo sana.

Kazi ya viongezeo iko kwenye kuwasha, kuzima na mwendo wa polepole wenye mzigo mkubwa, utando wa oili unapopungua hadi vyuma vikagusana. Vipo viongezeo vyenye asili ya mafuta: molekuli zake hung'ang'ania chuma kwa ncha moja, nyingine ikielekea nje, na nyuso mbili zikateleza. Asidi za jamii hiyo zimo hata kwenye mafuta ya mbegu za pamba, ingawa mafuta ya kula yenyewe hayafai injini, maana kwenye joto kali huganda kama gundi.

Kiongezeo kingine, chenye zinki, fosforasi na salfa, kilienea miaka ya 1940 kuzuia beringi zisiliwe na asidi, kisha ikaonekana kinazuia pia kulika kwa msuguano. Joto na mkwaruzo hukifanya kijenge tabaka gumu lenye unene wa takriban milimita 0.0001, nalo hulika badala ya chuma. Lakini tabaka hilo laweza kuongeza msuguano kidogo. Kuzuia kulika na kupunguza msuguano ni mambo mawili, na viongezeo hivi hugombea uso uleule wa chuma. Oili nzuri imeshapimiwa uwiano wake kiwandani. Kichupa cha ziada chaweza kuuvuruga.

Viongezeo huisha. Kujazia oili mpya juu ya chafu hakuondoi vumbi, na chembe ya mchanga iliyo nene kuliko utando itakwaruza tu. Imwageni yote, badilisheni na filta.

Oili hiyo chafu ya injini hubeba kemikali za mwako zinazoweza kusababisha saratani ya ngozi. Wasokotaji wa pamba wa Lancashire, Uingereza, waliolowa oili ya mashine kwa miaka mingi, waliugua saratani ya ngozi ya mfuko wa korodani. Uchunguzi wa serikali kuhusu ugonjwa huo ulichapishwa mwaka 1926. Fundi, nawa kwa sabuni badala ya petroli, na kitambaa chenye oili usikiweke mfukoni.