Kitako cha Mkono wa Kushoto

Wazazi wengi miongoni mwetu hushtuka walisikiapo neno bunduki likitajwa nyumbani, na hatuwalaumu. Wako waliolisikia Unguja mwezi wa Januari 1964, na wako waliolisikia Mogadishu au Bukavu miaka ya baadaye, wala hakuna aliyelisikia kwa furaha. Kwa hiyo binti mmoja wa miaka 14, wa jamaa zetu wa hapa Kenton, alipowaambia wazee wake kuwa amealikwa na mwenziwe wa shuleni katika klabu ya kulenga shabaha, na kwamba ameupenda mchezo huo, baba yake alinyamaza siku mbili. Alichokihofia hakikuwa risasi. Alihofia watu watafikiri nini wakiliona jina la Kiislamu na neno bunduki katika karatasi moja.

Hofu hiyo si ya kuchekwa, lakini yafaa ipimwe na sheria ilivyo. Sheria ya Silaha ya mwaka 1968 ni kali, na ilizidi kukazwa baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane mwaka 1996. Mwaka uliofuata takriban bastola zote zilipigwa marufuku. Bunduki ndogo ya shabaha, ile ya kipimo cha .22, ilibaki halali kwa mwenye hati ya polisi, au kwa mwanachama wa klabu iliyoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, ambaye huruhusiwa kutumia silaha ya klabu bila ya kuwa na hati yake mwenyewe. Mwanachama mpya huwekwa katika majaribio muda usiopungua miezi mitatu. Katika klabu ya binti huyu bunduki hulala katika kabati la chuma, na yeye hurudi nyumbani mikono mitupu. Baba alikwenda mwenyewe akaona, akanywa chai na wazee wa klabu, akatoa idhini.

Ikabaki shida ya pili, ambayo ilikaribia kumtoa mtoto mchezoni. Kila juma alirudi na shingo inauma na karatasi ya shabaha yenye matundu yaliyotawanyika kama mbegu zilizomwagika. Akaanza kusema kuwa hana kipaji. Neno hilo tumelisikia kwa watoto wengi katika miaka yetu ya kufundisha, na aghalabu huwa limetangulia uchunguzi.

Bunduki ya shabaha ina chuma na ina mti. Chuma ni mtutu na mitambo yake; mti ni kitako, yaani ile sehemu inayoegemezwa begani na kulazwa shavu. Wageni wa mchezo huu hudhani kwamba siri yote imo katika chuma. La hasha. Katika shabaha ya kimataifa ya mita 50, duara la alama kumi lina upana wa milimita 10.4 tu. Mlengaji anayejipinda shingo ili jicho lifikie tundu la kulengea hawezi kurudia mkao ule ule mara 60, na asiporudia mkao, chuma kizuri hakimfai kitu. Kitako alichopewa binti huyu kilichongwa kwa ajili ya mwanamume mzima atumiaye mkono wa kulia. Yeye ni mfupi, na ni wa kushoto.

Hapa tutaomba radhi tukae kidogo. Katika shule za zamani za kwetu, mtoto aliyeshika kalamu kwa kushoto alipigwa rula mpaka akahamia kulia, na wako wazee waliochanganya adabu ya kula na kazi nyingine zote za mkono. Kula kwa kulia ni adabu yetu na itabaki. Jicho halina adabu ya namna hiyo. Msomaji na ajaribu: anyooshe mikono miwili mbele, aunganishe viganja vibaki na kijitundu katikati, atazame saa ya ukutani kupitia kijitundu hicho kwa macho yote mawili, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo saa haitoweki likiwa wazi peke yake ndilo jicho linalotawala. Kwa binti huyu lilikuwa la kushoto, na mkono wake ni huo huo, basi hapakuwa na la kubishana.

Kazi ilichukuliwa na mzee mmoja wa Kizanzibari, fundi seremala mstaafu. Ujanani alichonga milango na makasha, na baadaye akaunda kabati za maduka ya London. Karakana yake ni gereji ya pembeni katika mojawapo ya zile nyumba pacha za miaka ya 1930 zilizoijaza Kenton, gereji ambazo magari ya leo hayaingii. Binti alipomwamkia na kumwambia, kwa haya, "Babu, lakini mimi natumia kushoto," mzee alijibu, "Sikukuuliza mkono, mjukuu wangu, nimekuuliza jicho."

Bahati njema, klabu ilikuwa na bunduki kongwe ya BSA ya mtindo wa Martini. Wenye kujua historia watalikumbuka jina hilo: Martini-Henry ilichukuliwa na jeshi la Uingereza mwaka 1871, na kabla ya karne ile kwisha ilikuwa imeshafika Afrika Mashariki. Mtindo huo una sifa mbili zilizotufaa. Wenzo wa kufungulia upo chini, katikati, hivyo haumbagui wa kushoto kama komeo la upande wa kulia. Tena mti wake ni vipande viwili, na kile cha nyuma hushikizwa kwa bolti moja ndefu inayopita ndani yake. Kukibadili hakuhitaji kugusa mtutu.

Mzee alichagua mti wa jozi, ule wa njugu zenye ganda lililokunjamana kama ubongo. Si kwa uzuri wake. Jozi iliyokauka vizuri haipindiki ovyo majira yabadilikapo, na desturi ya mafundi ni kuianika mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Nyuzi za mti zilielekezwa zipite moja kwa moja katika shingo ya kitako, maana hapo ndipo pembamba na ndipo panapovunjika. Kisha akatoboa kwanza, kabla ya kuchonga chochote. Tundu la bolti ni refu, karibu futi moja, na keekee ikikosea upande wa pili huwezi kuirudisha; bali ukishapata tundu lililonyooka, unaweza kuuchonga mti kulifuata.

Vipimo havikuchukuliwa gerejini. Iko kanuni ya kizamani ya kuweka kitako katika kunjo la kiwiko na kuona kama kidole kinafika kwenye kifyatuo, lakini kanuni hiyo ni ya msasi aliyesimama. Binti hulenga amelala kifudifudi, amevaa koti zito la mchezo, na mkanda umemkaza mkono wa mbele. Basi alipimwa klabuni, juu ya mkeka, na kadibodi zikafungwa kwenye kitako cha zamani moja baada ya moja mpaka jicho likafika lenyewe. Ikaonekana pia kuwa mikunjo ya mtandio ilikuwa ikiingia baina ya shavu na mti, kila siku kwa unene tofauti. Akabadilisha, akavaa hijabu ya michezo inayobana, na shavu likapata mahali pamoja.

Chuma hakikuruhusiwa kutoka, kwa hiyo mti ndio uliosafiri. Kitako cha mbao peke yake hakihesabiwi na sheria kuwa sehemu inayohitaji hati, ingawa mzee aliomba kwanza ruhusa ya katibu wa klabu, kwa kuwa bunduki si yake. Jioni nne alikwenda na patasi zake. Alipaka masizi membamba kwenye chuma, akakandamiza mti, akautoa, akakwangua pale tu palipoingia weusi, akarudia, hadi weusi ukaenea sawasawa. Mzee mmoja wa Kiingereza alikaa karibu naye jioni zote nne akishika taa, na hawakuzungumza zaidi ya maneno kumi.

Mahali pa kulaza shavu pamechongwa upande wa kulia wa kitako, maana wa kushoto hulaza shavu hapo. Mti ulipakwa mafuta ya kitani kwa kitambaa, tabaka nyembamba nyingi, kila moja ikikauka kabla ya nyingine. Hakuna nakshi. Mzee alitaka kutia ua dogo, binti akakataa.

Risasi tano ambazo zilitawanyika upana wa kikombe cha chai katika yadi 25, sasa mara nyingi hufunikwa na sarafu ya peni mbili. Anatumaini kwenda Bisley, katika Surrey, ambako mashindano ya taifa ya bunduki yalihamia kutoka Wimbledon mwaka 1890, na ambako walengaji wa Jumuiya ya Madola walishindana mwaka 2002. Baba yake ameshauliza nauli ya treni. Nyuma ya kitako, chini ya bamba la begani, fundi aliacha nafasi ya vibao vitatu vya milimita sita sita. Kimoja kimeshatiwa. Viwili vimo katika bahasha ndani ya kabati la klabu, vinamngoja arefuke.