Nani Aliyezima Taa?

Mgonjwa amerudishwa wodini baada ya kutibiwa mshipa wa kichwani uliovimba, na jamaa zake wanamshukuru Mola kwa salama yake. Saa chache baadaye anauliza ni nani aliyezima taa. Taa inawaka. Daktari akimmulika, mboni zinasinyaa kama kawaida, maana macho yenyewe hayana ila. Kilichodhurika ni sehemu ya nyuma ya ubongo, ambayo kazi yake ni kutambua kile kilicholetwa na jicho.

Hali hii ni nadra, lakini madaktari wanaijua tangu miaka ya 1970. Chanzo chake ni dawa yenye iodini inayotiwa mwilini ili mishipa ya damu ionekane kwenye eksirei. Katika kuziba mshipa mbovu wa ubongo, mrija mwembamba huingizwa pajani au kwenye kifundo cha mkono, ukasukumwa hadi shingoni, na dawa ikamiminwa mara kwa mara ili tabibu aone njia. Ubongo una kizuizi kinachochuja yatokayo kwenye damu. Dawa ikizidi, au kizuizi kikiwa kimedhoofishwa na shinikizo la damu la miaka mingi, hupenya ndani na ubongo ukavimba. Figo dhaifu huongeza hatari, kwa kuwa ndizo zinazoitoa dawa hiyo mwilini. Mgonjwa aweza kupoteza kuona, kuchanganyikiwa, kupatwa na degedege, kulegea upande mmoja au kushindwa kusema.

Dalili hizo ndizo hizo za kiharusi. Wengi hupona ndani ya siku 2 au 3, ila anayemuuguza hana namna ya kutofautisha, na hata picha ya CT yaweza kutatiza: dawa iliyopenya na damu iliyovuja zote hung'aa nyeupe. Basi asingoje kuona kama yatapita. Na amwite muuguzi papo hapo, ataje na saa dalili ilipoanza.

Wengi wetu twaijua dawa hii kwa sindano ya mkononi tu, na lile joto la ghafla linaloenea mwilini. Huko madhara ya ubongo ni adimu zaidi. Imeenea itikadi kwamba asiyepatana na kamba au kaa asidungwe. Si kweli, kinachomdhuru mtu huyo ni protini ya kamba, wala si iodini. Lililo muhimu kumwambia daktari ni kama dawa ya picha yenyewe iliwahi kukudhuru, kama una pumu au maradhi ya figo, na kama unatumia metformin kwa kisukari.

Mama anayenyonyesha naye huenda akaambiwa ayamwage maziwa yake kutwa nzima. Kiasi kinachoingia kwenye maziwa hakifiki asilimia 1 ya dawa aliyopewa, na miongozo ya wataalamu wa picha humruhusu aendelee kumnyonyesha mwanawe.