Kiganja, daftari au mstari wa milimita 100?

Mzee wa Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, amekesha ameketi kitandani, akilala pumzi zinambana. Asubuhi anafikishwa zahanati, mganga anamuuliza, "Unajisikiaje, mzee?" Naye kwa adabu aliyolelewa nayo anajibu, "Nashukuru Mungu, sijambo kidogo." Kwenye kadi linaandikwa: nafuu. Usiku ule haumo kwenye kadi.

Kwa mwenye mesotelioma, kadi ya namna hiyo inamnyima dawa. Hii ni saratani ya utando unaofunika mapafu, inayoletwa hasa na vumbi la asbesto, na huchukua miaka 20 hadi 50 kujitokeza. Mwaka 1960 mtafiti Wagner na wenzake waliandika habari za wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengi wao watu wa eneo la machimbo ya asbesto. Kwetu Tanzania asbesto ilikuja juu ya mapaa. Kikohozi, maumivu ya kifua na kukonda hufanana na kifua kikuu, na ugonjwa ukitambuliwa mara nyingi hauponyeki tena. Kinachobaki kutibiwa ni maumivu, pumzi, usingizi na hofu, na hivyo anavijua mgonjwa mwenyewe. Picha ya eksirei haivioni.

Vipo vipimo vya kumsaidia kuvisema. Kimoja kimetengenezwa kwa ajili ya mesotelioma hasa: LCSS-Meso. Kina maswali 8: hamu ya kula, uchovu, kikohozi, pumzi na maumivu, kisha matatu ya jumla. Kwa kulenga ugonjwa, hakuna kinachokipita. Lakini mgonjwa hujibu kwa kuweka alama kwenye mstari wa milimita 100, na muuguzi hupima kwa rula. Mama aliyelima kwa mashimo ya ngoro maisha yake yote na hakushika kalamu utampa mstari huo auelewe vipi? Rula ni ya bei ndogo. Gharama yake ni muda wa kumfundisha kila anapokuja.

QLQ-C30 ya Ulaya ina maswali 30. Ni nzuri kwa watafiti, ila kwa mtu anayehema kila baada ya maneno matano ni mzigo. EQ-5D ina maswali matano tu na kipimo cha 0 hadi 100 cha hali ya afya. Inauliza habari za kutembea, kujihudumia, shughuli za kila siku, maumivu na wasiwasi. Pumzi haimo, na kwa ugonjwa huu hilo ni pengo kubwa. Fomu ya Edmonton, iliyoanza Kanada mwaka 1991, inapanga dalili kwa alama 0 hadi 10, kubanwa pumzi ikiwemo. Karatasi moja inatosha.

Cha tano kimezaliwa Afrika: kipimo cha POS cha Chama cha Tiba Shufaa Afrika, APCA, chenye makao Kampala. Kina maswali 10 kuhusu siku tatu zilizopita, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza. Alama ni 0 hadi 5, kwa hiyo mgonjwa anaweza kujibu kwa vidole: ngumi ni sifuri, kiganja wazi ni tano. Kinauliza pia kama ana amani moyoni na kama ameweza kuwaambia ndugu yaliyo moyoni mwake. Angalizo: kwenye maumivu tano ni mbaya, kwenye amani tano ni njema. Ukijumlisha bila kutazama utapotoka. Tena dalili zote zisizo maumivu zimewekwa kwenye swali moja, na pumzi inaweza kujificha humo.

Sasa hesabu ya mfukoni. Sera ya afya ya 2007 iliwapa msamaha wa matibabu wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo, lakini msamaha haulipi nauli. Kutoka Mbinga hadi Songea ni karibu kilomita 100. Kutoka Songea hadi Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni zaidi ya 900. Safari moja iliyorudi na neno "nafuu" imekula fedha za dagaa, mahindi, pengine mbuzi. Ukiweka pembeni hiyo nauli, kopi na kalamu si kitu.

Kwa familia ya Mbinga au ya ufukweni, mimi nachagua kiganja cha APCA. Chini yake ongeza mstari mmoja wa pumzi, na uupime kwa kazi mnayoijua: amepumzika mara ngapi kupanda hadi shamba la kahawa, au kutoka nyumbani hadi usipa unapoanikwa? Muulize kwa Kimatengo, Kimanda au Kinyanja kama ndiyo lugha anayolilia, kisha andika Kiswahili. Hospitali yenye muuguzi wa saratani itumie LCSS-Meso. Wanaofanya utafiti wabaki na maswali yao 30.

Andika mara mbili kwa wiki, siku zilezile, kwenye daftari moja. Swali la maumivu likifika tatu, usingoje tarehe ya kliniki. Na mkifika kwa daktari, mpe daftari kwanza, kabla mzee hajasema hajambo.